Kumpeleka mtoto kwa mchongaji wa Mwenge: uzoefu wangu

Wengi wetu Mwenge ya Dar es Salaam tunaijua kwa vinyago vya kuwapa wageni zawadi. Unashuka kituoni, unaingia pale Barabara ya Sam Nujoma, unapatana bei ya tembo au twiga, unaondoka. Lakini nyuma ya maduka wamekaa wachongaji wenyewe na patasi zao, na mmoja wao nilimwomba anifundishie wanangu. Alikubali. Tangu hapo Jumamosi asubuhi tunashinda kwake, mkubwa akiwa na miaka 9 na mdogo 6. Hakuna bango wala cheti, na chini ya banda lile la mabati hakuna kiti cha maana. Namlipa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa asubuhi moja, sabuni na mbao zikiwa humohumo. Nimeridhika sana, na nawashauri wazazi wenzangu wajaribu. Ila naandika kwa kirefu kwa sababu wengi wakisikia mtoto na kisu wanashtuka, na kushtuka huko hakuna kosa.

Kilichonifanya nimwamini mzee huyu ni pale alipoanzia. Wanangu walifika na hamu ya kugonga patasi, yeye akawapa sabuni ya mche. Ileile ya kufulia. Aliukata mche vipande, akawapa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha bapa, kijiko cha zamani na kisu butu cha kupakia siagi. Sabuni haina nyuzi kama mti, kwa hiyo chombo hakishiki wala hakiruki ghafla. Mtoto anakata upande wowote na kitu kinatii. Akikosea anaona papo hapo amekosea wapi. Chenga zote zinaingia kwenye ndoo, na mimi nikirudi nyumbani nafulia.

Kuna ujuzi mdogo hapo ambao peke yangu nisingeujua. Sabuni iliyotoka dukani sasa hivi ina unyevunyevu, inanata kwenye kisu. Mzee anaiacha kivulini kwanza ipate kukaza uso. Akiiacha ikauke mno nayo inamumunyuka, pembe zinadondoka. Kwa hiyo anaibonyeza kwa kidole gumba kabla hajampa mtoto, na mara nyingine anakirudisha kipande kivulini na kuchukua kingine.

Na hapo kwenye sabuni ndipo mtoto anapojifunza kufikiri kama mchongaji. Mwanangu mdogo alitaka kuchonga samaki, na jambo la kwanza alilokimbilia ni jicho. Mzee akamzuia: "Mjukuu wangu, samaki hajawa na mwili, jicho utaliweka wapi?" Akamchorea umbo ubavuni, akamchorea tena juu, kisha akamwonyesha kutoa pembe nne za kipande kabla ya kitu kingine chochote. Unene kwanza, halafu mkia, halafu mapezi, jicho mwisho kabisa kwa ncha ya kijiti. Mtoto wa miaka 6 ambaye nyumbani hakai chini alikaa na samaki yule hadi adhuhuri. Sikutegemea.

Mkubwa alipohamia kwenye mti alitaka mpingo, kwa kuwa ndio anaouona kila upande pale sokoni. Mzee hakumhubiria. Alitupa kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji, kikazama moja kwa moja hadi chini. Akatupa na kipande cha mwembe, kikaelea. Halafu akampa patasi ndogo ajaribu huo mweusi, na mtoto akaona mwenyewe kwamba haubanduki hata ukucha. Mpingo ni mgumu mno kwa mkono wa mtoto, unadai nguvu, na nguvu ndiyo inayofanya chombo kiteleze. Tena unga wake unaweza kuwasha ngozi na kukera pua. Kwa hiyo mkubwa anachonga mti laini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mwiko.

Mwiko una sababu yake. Kuna methali inayosema mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, na mzee huwaimbisha watoto hiyo kabla ya kushika kisu. Maana yake kazini pale ni sheria kabisa. Mkono ulioshika mti unakaa nyuma ya makali siku zote. Kisu kinasukumwa kwenda mbele, mbali na mwili, kwa vipande vyembamba. Mtoto anakaa chini, viwiko juu ya magoti, na hakichongwi kitu juu ya paja. Kabla hajaanza ananyoosha mkono pande zote. Akimgusa mtu, mmoja wao anahama. Akitaka kuinuka, kisu kinawekwa chini kwanza. Wachongaji wakubwa utawaona wamebana gogo kwa nyayo huku wakipiga tezo, na watoto wangu walitamani kuiga. Hilo amewakatalia katakata.

Nililoongeza mimi ni glavu ngumu kwa mkono usioshika kisu. Mzee mwenyewe hana habari nazo, ila hakupinga. Mkubwa aliwahi kujikata kidogo kidoleni siku aliyovua ile glavu. Tukaosha kwa maji na sabuni, tukabandika plasta, akaendelea. Hakuna sanduku la huduma ya kwanza pale, njoo na lako. Na kabla ya yote angalia kadi ya kliniki kama chanjo ya pepopunda iko sawa.

Sasa kuhusu vifaa. Niliuziwa duka moja Kariakoo seti ya patasi za watoto zenye mipini ya rangi, nikaapiwa kuwa ni chuma cha pua. Mzee alipitisha moja kwenye kinoo, akaijaribu kwenye mwembe, makali yakakunjika palepale. Nyingine mpini ulichomoka. Zilinikera, kwa sababu hizo ndizo hatari kuliko kisu kikali. Kifaa butu kinamlazimisha mtoto asukume kwa nguvu, na kikichomoka hakuna ajuaye kitatua wapi. Kisu kimoja kifupi cha chuma kizuri, kilichonolewa, chenye mpini unaojaa kiganjani mwa mtoto, kinashinda seti nzima ya namna ile. Kwa mdogo ncha iwe ya mviringo. Mzee amemfundisha mkubwa kunoa kabla ya kila kazi, na nadhani hapo ndipo heshima ya kifaa ilipomwingia.

Jambo ambalo darasa la kawaida lisingempa mtoto ni zile hadithi za kazi. Siku tembo wa mkubwa alipokatika mkonga, alilia. Mzee akamsimulia habari za Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kuwa kinyago chake kilivunjika mkono, naye hakukitupa. Alikigeuza kiumbe wa ajabu, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo ambao leo dunia nzima inautambua. Mtoto akafuta machozi na kuanza kumgeuza tembo wake kiboko. Kiboko yule anafanana na viazi, lakini yuko juu ya televisheni yetu na hakuna ruhusa ya kumgusa.

Wamejifunza pia kutambua vinyago vya ujamaa, wale watu waliobebana kwa ngazi kwenye gogo moja, na kugundua mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Sasa nikipita nao dukani wananiaibisha: wanapindua kila kinyago kukagua chini yake na kukipima uzito.

Kasoro zipo. Jirani wa mzee anatumia mashine ya kusagia mbao, na ikiwaka vumbi na kelele zinajaa banda zima. Barakoa ni lazima, na nimekuwa nikiomba tuhamie upande wa pili. Muda wa kuanza hautabiriki: akiwa na oda ya kumaliza, mtasubiri, na mara moja tulirudi bila kufanya kitu. Choo cha kueleweka kiko mbali. Na mzazi huwezi kumwacha mtoto ukaenda zako sokoni. Yule ni fundi mwenye kazi yake, si mlezi, na watoto wawili ndio mwisho wa anaoweza kuwasimamia vizuri. Nilipotaka kuongeza mtoto wa shoga yangu alikataa, na kwa kukataa huko nikazidi kumheshimu.

Ukienda, usiulize bei kwanza. Msalimie, mpe mtoto aamkie, kaeni mtazame anavyofanya kazi, halafu ndipo useme shida yako. Mtazame na namna anavyoongea na vijana wake wa kazi, maana ndivyo atakavyoongea na wako. Mwambie waziwazi unataka mtoto aanze na sabuni. Akicheka na kumpa patasi siku ya kwanza, shukuru na utafute mwingine. Kwa aliye chini ya miaka 5 mimi ningesubiri, nimpe udongo wa kufinyanga nyumbani. Kuanzia 6 sabuni inamtosha kwa muda mrefu, na kisu cha kweli kije pale anapoweza kukaa chini na kufuata agizo bila kukumbushwa. Wangu mkubwa alifika hapo, mdogo bado, na yuko kwenye samaki wake mwingine.