Magauni sita, vichwa saba: uzoefu wangu wa harusi ya Januari

Niliolewa Januari, ibada ikafanyika Muheza na sherehe Tanga mjini. Wapambe wangu walikuwa sita na wanaishi miji minne: wawili Dar es Salaam ninakofanyia kazi, wawili Tanga akiwemo dada yangu, mmoja Arusha, na binti wa shangazi aliyeolewa Mombasa. Ukumbi, chakula na muziki vilibebwa na kamati. Mimi nilibaki na magauni na nywele, na ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Nilipokuwa natafuta ushauri nilipata picha nyingi mno na maelezo haba, kwa hiyo naeleza yangu kwa kirefu, na bei zake.

Nilianza vibaya. Niliona kwenye simu gauni la satini, rangi ya waridi iliyofifia, mgongo wazi, nikalipenda mpaka nikaliota. Duka linauza mtandaoni, gauni moja shilingi 95,000. Namshukuru Mungu niliagiza mawili ya kujaribu kwanza. Yalifika baada ya wiki tatu, na lile waridi lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nililivaa ndani ya chumba, nikatoka nalo barazani, juani likageuka rangi nyingine tena. Dada alipojaribu lake lilipita kifuani likakwama kwenye hipsi. Kisha nikadondosha maji kidogo kwapani mwa gauni: doa likatanda ukubwa wa kiganja na likaonekana hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Hebu fikiria Tanga mwezi wa kwanza, joto la kaskazi, wasichana sita wanaingia kwa kucheza huku makwapa yamechorwa hivyo. Niliomba kurudisha, nikajibiwa mzigo ukishatoka dukani haurudi. Shilingi 190,000 zikaenda.

Wiki hiyohiyo kwenye mafundisho ya ndoa padri alituambia wanaosimama mbele ya madhabahu wafunike mabega. Mgongo wazi ulikufa hapo hapo. Kama unafunga ndoa kanisani, ulizeni hilo kabla hamjapenda picha yoyote. Parokia hazifanani, na nimeshaona wapambe wakifunikwa khanga mlangoni dakika za mwisho, inauma.

Mama mdogo ndiye aliyenipeleka Kariakoo kwenye maduka ya vitambaa. Yeye hatazami rangi kwanza. Anashika kitambaa, anakikunja ndani ya ngumi, anahesabu kimyakimya, anafungua. Kikitoka na mikunjo anakirudisha bila kuuliza bei. Satini tatu zilianguka kwenye mtihani huo. Kreepu nzito yenye kuvutika kidogo ilitoka kama ilivyoingia. Tukalowesha kona ya sampuli, doa likawepo lakini halikupiga kelele. Halafu akamwambia muuzaji, "Mwanangu, tusaidie tulione nje," wakalitoa jora zima mpaka mlangoni, juani, nikaliweka karibu na mkono wangu na wa rafiki yangu ambaye ni mweupe kuliko mimi.

Tulichukua damu ya mzee. Nilikuwa nimeikwepa kwa kuiona rangi ya kina mama, lakini ilimkaa kila mtu. Rangi zilizofifia, pichi na waridi na krimu, zilimpendeza mmoja zikamfanya mwingine aonekane mgonjwa, na mimi nilikuwa na watu sita wa weusi tofauti.

Upana wa kitambaa ulikuwa inchi 60. Gauni refu lilikula mita 3, la rafiki yangu mrefu mita 3 na nusu, kwa hiyo tulihitaji 18 na nusu. Mama mdogo akakata 20 za jora moja. Mita moja na nusu ya ziada niliiona hasara wakati ule. Alinieleza kwamba ukirudi baadaye kuongeza ukapewa jora jingine, jina la rangi litakuwa lile lile na rangi haitakuwa ile ile, na kwenye picha ya pamoja itaonekana. Baadaye kipande hicho ndicho kilichotuokoa.

Fundi alikuwa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, ambaye dada yangu hushona kwake. Kitambaa nilikituma kwa basi. Vipimo vikaja kwa WhatsApp, na hapo ndipo yeyote mwenye wapambe wa mbali anisikilize. Wa Mombasa alituma namba za sentimita bila kuandika ni sentimita, wengine wote inchi. Wa Arusha alipimwa mwezi wa saba, kwenye baridi, juu ya sweta. Fundi aligundua la Mombasa mara moja, kwa sababu hakuna kiuno cha 78. La sweta hakuna ambaye angeligundua, na gauni lake lilitoka likimpwaya inchi 2 kila mahali. Alifika Alhamisi, harusi Jumamosi. Fundi alifungua ubavu usiku ule akaupunguza, Ijumaa asubuhi lilikuwa tayari. Sasa ninapoulizwa nasema: pimweni mkiwa mmevaa sidiria mtakayovaa siku yenyewe na nguo nyepesi, mtu mwingine ashike futi, na urefu upimwe na viatu mguuni.

Kabla ya kukata kreepu, fundi alishona gauni moja la majaribio kwa shuka kuukuu. Mkato ulikuwa wa kukutana kifuani, upande mmoja unalala juu ya mwingine na kufungwa ubavuni, mikono ya robo tatu, bitana mpaka magotini. Alimvalisha dada akamwambia, "Kaa, binti." Akakaa. "Inua mikono kama unamvalisha mwenzio shela." Akainua, na kifua kikafunguka. "Sasa cheza kama mtakavyocheza." Dada akaona haya, fundi akasubiri mpaka akacheza kweli. Kisha akashusha kwapa kidogo, akaongeza kifungo cha kubana kwa ndani pale kifua kinapokutana. Nimeshonesha nguo maisha yangu yote na sikuwahi kuona fundi anayemwambia mteja akae. Gauni la mpambe hukaliwa ibada nzima, huinamiwa kuweka sawa mkia wa bibi harusi, huchezewa usiku kucha, halafu sisi tunalijaribu tukiwa tumesimama mbele ya kioo dakika mbili.

Mwezi wa kumi dada alinipigia simu, ana mimba. Tulifurahi, tukalia, kisha nikakumbuka gauni. Mkato wa kukutana kifuani unaruhusu kiuno kupanda, na fundi aliongeza kipande ubavuni kutoka kwenye ile mita moja na nusu. Hakuna aliyejua mpaka alipowaambia mwenyewe.

Hesabu kamili: kitambaa mita 20 kwa 9,000, jumla 180,000. Bitana mita 12 kwa 3,500, jumla 42,000. Zipu na vifungo 15,000. Ufundi 45,000 kila gauni, jumla 270,000. Yote 507,000, yaani 84,500 kwa gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mwenyewe. Ukiwa na muda, shona.

Upande wa nywele nilikuwa na wazo moja gumu: siku hiyo niende na nywele zangu, bila wigi. Zimefika mabegani zikivutwa, ni za asili, na sijatia dawa miaka sita. Gauni langu lilikuwa la kukodi, lesi, shingo ya juu, kwa hiyo nywele kushuka mabegani zingeificha lesi yote. Kubana ilikuwa lazima.

Saluni ya kwanza, Dar es Salaam, ilinitoza 60,000 kwa jaribio. Dada aliyenihudumia ana mikono mizuri, ila hakuniuliza gauni likoje wala shela ina urefu gani. Alizivuta kwa draya mpaka zikanyooka, akapaka jeli ya aina moja, akapuliza dawa ya kugandisha ya aina nyingine. Nilipofika nyumbani pembeni mwa paji la uso kulikuwa na ukoko mweupe unaopukutika kama unga. Jeli na dawa nyingine hazipatani zikikutana, na ni bora ujue mapema kuliko madhabahuni. Kichwa kiliniuma mpaka usiku. Nilipoegesha shela nyumbani kwa kujaribu, kichana chake kiliteleza kabla sijafika mlangoni, kwa sababu hakikuwa na cha kung'ata. Kwa hilo tu naona 60,000 haikupotea, jaribio ndiyo kazi yake.

Wa pili alikuwa msusi wa Tanga, ana chumba kidogo chenye viti viwili. Swali lake la kwanza: "Nioneshe shingo ya gauni." La pili: "Shela ikoje, na utaivua saa ngapi?" Nikamwambia naivua ukumbini kabla ya kukata keki. Akasema basi isikae juu ya kibano, ikae chini yake, maana ukiichomoa juu unaondoka na nusu ya kazi.

Alichofanya ni hiki. Siku nne kabla alisuka nusu ya nyuma mistari midogo ya twende kilioni, bila kukaza, ikakutana karibu na kisogo. Mbele aliniacha na nywele zangu, akazisokota usiku wa kuamkia harusi ili zifunguke na mawimbi yake yenyewe, bila moto. Asubuhi alizipeleka nyuma, akazikunja pamoja na nywele za kuongezea zenye ukunjo kama wangu, akazishona kwa sindano na uzi juu ya ile misuko. Chini ya kibano aliacha mstari mmoja uliosukwa kwa upana, ukilala kulia kushoto. Kichana cha shela kilipenya kwenye mstari ule kikashika. Alinishika mkono akaniambia, "Vuta." Nikavuta shela kwa nguvu, kichwa kikaja nayo.

Kwa wapambe, saluni ya kwanza ilipendekeza wote wavae wigi za aina moja. Nilikataa na sijutii. Mmoja ana dredi za miaka tisa, mmoja alikuwa na rasta, dada ana nywele za dawa, wa Arusha hunyoa chini kabisa, na wa Mombasa anajifunika. Nilichoomba ni kimoja tu: shingo iwe wazi, nywele zibanwe chini nyuma, kisogoni. Dredi zikabanwa, rasta zikabanwa, za dawa zikabanwa. Wa Arusha alichongwa ukingo tu, akapendeza kuliko sisi sote. Wa Mombasa tulimnunulia mtandio wa shifoni wa damu ya mzee, akaufunga kwa nyuma kwa umbo lile lile, na ukiwatazama kutoka nyuma kanisani ulikuwa unaona mstari mmoja. Dada nilimwomba asirudie dawa karibu na harusi. Aliirudia wiki tatu kabla, na kidonda kidogo nyuma ya sikio kilipata muda wa kupona.

Asubuhi ya harusi msusi alikuja na mwenzake saa kumi na mbili, mpaka saa tatu wakawa wamemaliza vichwa vyote. Wote tulivaa mashati ya vifungo, maana tisheti haivuki kichwa kilichokwisha kubanwa. Nywele zilitangulia, mekapu ikafuata. Bibi yangu alikuja na kikuba kutoka uani kwake, asumini na majani ya mrehani yaliyofungwa kwa uzi, akakichomeka mwenyewe upande wa kushoto wa kibano. Hakumwuliza mtu. Msusi alisogea akampisha.

Baada ya ibada tulishuka Tanga, tukapiga picha Raskazone. Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka baharini na ilinyanyua shela yote ikasimama wima kama tanga la ngalawa. Wapambe walikimbilia kuishika. Kichana hakikutikisika. Mpiga picha ana ile picha, mikono sita hewani, vifua vya magauni vimetulia mahali pake.

Msusi nilimlipa 350,000 kwa vichwa vyote pamoja na siku ya kusuka na jaribio, na usafiri juu yangu. Lawama yangu moja kwake ni kwamba hakunipa risiti ya malipo ya awali, nikakaa wiki mbili na wasiwasi. Dai karatasi, au angalau ujumbe wa simu unaotaja tarehe na kiasi.

Usiku ule dada ndiye aliyenifumua, mimi nimekaa chini kati ya magoti yake kama alivyokuwa akinisuka utotoni. Alikata uzi kwa wembe taratibu, akatoa pini 19 akiziweka kwenye kisosi. Asumini ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Aliinusa, akanipa na mimi ninuse, kisha akaifunga kwenye kitambaa cha bitana kilichobaki.