ripgrep: ina kasi, lakini ujue inachoruka

Ofisi ya Kisumu yenye stakabadhi za miaka kadhaa, folda ndani ya folda, haiwezi kumtafuta mteja mmoja wa Awasi kwa kufungua faili moja moja. ripgrep, programu ya bure aliyoitoa Andrew Gallant mwaka 2016, inazipekua zote kwa mkupuo. Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) fungua dirisha la amri, sakinisha kwa `sudo apt install ripgrep`, ingia kwenye folda husika kwa `cd`, kisha uandike:

`rg -i awasi`

Inashuka hadi folda ya mwisho bila kuagizwa. Kila mstari inaoupata inauweka chini ya jina la faili, pamoja na namba yake. `-i` inazihesabu herufi kubwa na ndogo kuwa sawa. Lakini majibu yatajaa mistari yenye neno "mawasiliano", kwa kuwa "awasi" imo humo katikati. Ongeza `-w` upate neno zima tu.

Bei nazo zina mtego wake. `rg 2.50` italeta hata 2450 na 2150, maana nukta hapo inashika nafasi ya herufi au tarakimu yoyote. `rg -F 2.50` inaichukua nukta kama nukta. Tia na `-w` ili 12.50 isipenye.

Kasi yake haina ubishi, na sehemu ya kasi hiyo inatokana na kuruka faili. Inaruka zilizofichwa, yaani zinazoanza na nukta kama `.env`, inaruka zisizo za maandishi, na ndani ya mradi wa git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) inaruka kila kilichotajwa kwenye `.gitignore`, yaani orodha ya faili ambazo git inaambiwa izipuuze. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anatafuta kosa la malipo kwenye faili za `.log` (kumbukumbu za programu), kumbe `.gitignore` imezitaja, `rg` inanyamaza, naye anaamini kosa halipo. Kimya kikikutia shaka, andika `rg --files` uone orodha ya faili zitakazopekuliwa. Yako isipokuwemo, tumia `-u` kupuuza `.gitignore`, au `-uu` kuongeza na zilizofichwa.

Kinachonipendeza zaidi ni jinsi inavyosoma maandishi yaliyotolewa Excel kwa mtindo wa UTF-16 (namna mojawapo ya kuhifadhi herufi), ambayo `grep`, programu kongwe ya kutafuta maneno, huyapita bila kuona neno. PDF, Word na `.xlsx` haiwezi kuzisoma: geuza PDF kwa `pdftotext`, na jedwali lihifadhi kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) kwanza.

Kwenye seva ya kukodi usikoruhusiwa kusakinisha kitu, tumia `grep` iliyopo:

`grep -rniw --include='*.csv' awasi .`

Folda ikiwa kubwa utasubiri zaidi, ila hiyo haijali `.gitignore` hata kidogo.