Meza ya mashine ya kukereza: ununue ya bati au uchomelee yako?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunachambua meza. Wengi mnaniuliza kwa nini mashine yenu ndogo ya kukereza chuma inatetemeka na kuacha mawimbi kwenye kazi. Mkinitumia picha, naona mashine nzima kabisa imekalishwa juu ya meza dhaifu.

Hapa ninazo mbili. Ya kushoto ni ile ya bati lililokunjwa, inayouzwa pamoja na mashine. Ya kulia ni ya skwea paipu, ya kuchomelea.

Ya bati ina sifa zake: trei ya mafuta na mabaki ya chuma inakuja nayo, matundu yameshatobolewa, unafunga bolti na kazi inaanza siku hiyohiyo. Sasa angalieni. Naweka bilauri ya maji hapa juu, nashika kichwa cha mashine, nasukuma mbele na nyuma kwa mkono mmoja. Mmeona maji yanavyocheza? Nikigonga ubavuni, inalia kama debe tupu. Mtetemo huo utaukuta kwenye chuma unachokereza.

Uzito peke yake si tatizo. Mashine nyingi za ukubwa huu zina kama kilo 40, na karibu meza yoyote itazibeba. Tatizo ni kujisokota. Kitanda cha mashine, yaani ile sehemu ndefu yenye reli, kinaonekana kigumu, lakini ukikikaza kwenye meza iliyopinda nacho kinapinda. Kisu kinaacha kwenda sambamba na kazi, na chuma kinatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili.

Njooni kwenye ya kuchomelea, maana hapa ndipo ninapotaka tukae. Ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Urefu wa meza ni mita 1.2, upana sentimita 60. Tazama mgongoni na ubavuni: kuna paipu za mshazari. Hizo usiziache hata kidogo, kwa sababu fremu ya pembe nne bila mshazari inayumba hata ukiweka paipu nene. Unapochomelea, shika kila kona kwa nukta kwanza, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, vipimo viwili vilingane, halafu ndipo uchomelee kamili kwa kurukaruka pande. Weldi ikipoa inavuta chuma, kwa hiyo ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, fremu itapinda.

Juu nimeweka bamba la chuma la milimita 10. Kwa eneo hili ni kama kilo 56, na ukijumlisha fremu unapita kilo 100. Uzito huo unameza mtetemo. Plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa gundi nazo zinafaa, tena hazina kelele, ila mbao hunyonya unyevu na kusogea. Kwa hiyo, mashine ifunge juu ya vipande viwili vya chuma kizito vilivyolala kukata upana wa meza.

Kuna wanaojaza mchanga ndani ya paipu ili zisilie. Inasaidia. Lakini mchanga uwe mkavu kabisa, na ujazwe baada ya weldi zote kwisha. Paipu iliyozibwa yenye unyevu ndani ikipata moto, mvuke unaweza kuipasua usoni pako. Hapo sitanii.

Miguu ni bolti za M16, yaani nene milimita 16, zenye nati ya kufungia, unazungusha mpaka zote nne zikanyage sakafu. Magurudumu siyapendi kwa kazi hii. Kimo chake: ukisimama wima, mikono ya mashine iwe usawa wa kiwiko chako.

Sasa kufunga mashine. Iweke bila kukaza. Mguu ukiwa na upenyo, jaza kwa vipande vya bati jembamba; usiuvute kwa bolti. Kisha jaribu hivi: bana fimbo ya chuma ya milimita 25 kwenye kichwa cha mashine, kile kinachozungusha kazi, itokeze kama sentimita 10, usiweke mkia, yaani kile kishikizo cha upande wa pili. Kereza katikati ili ubakize mikanda miwili, yaani sehemu mbili zilizoinuka kuzunguka fimbo, mmoja karibu na kichwa, mwingine mwishoni. Pitisha kisu mara moja juu ya yote miwili kwa mkato mwepesi bila kubadili kina cha kisu, halafu pima unene wa kila mkanda kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana. Mkanda wa mwishoni ukiwa mnene zaidi, ongeza bati chini ya mguu wa mbele, upande wako, kule kwenye mkia. Ukiwa mwembamba, fanya kinyume. Rudia mpaka vilingane. Maliza hili kabla hujagusa kichwa cha mashine kwa kudhani kimetoka kwenye mstari.

Hukumu yangu: mwenye mashine ya kuchomelea, au fundi wa weldi jirani, atengeneze ya paipu. Kwa vitu vidogo vya shaba nyeupe na plastiki, ya bati itakutosha. Na kama tayari umeinunua, iongezee bamba nene chini ya mashine, funga mishazari mgongoni kwa bolti, weka mifuko ya mchanga ndani ya kabati, halafu urudie lile jaribio la mikanda miwili uniandikie hapo chini umepata tofauti kiasi gani.