Waliokufa Maji Maji: uulize simu au nyaraka?

Tafuta kwenye simu idadi ya waliokufa katika Vita vya Maji Maji (1905–1907). Papo hapo unajibiwa: 75,000, au 300,000, kutegemea ukurasa uliofungua. Haraka, hata ukiwa ndani ya daladala.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinachosha: kibali, kusubiri faili, halafu Kijerumani cha mkoloni. Ila barua ya ofisa ina tarehe, mwandishi na mwandikiwa, nawe unaanza kuhoji: huyu alikuwa na sababu gani ya kupunguza hesabu? Ukiongeza masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu miaka ya 1960, ubishi unanoga. Kwa tarehe tu, simu inatosha. Kwa idadi ya maiti, mimi nachagua faili.