Kumrudisha samaki wa kina kirefu ukiwa kwenye kayaki: sindano au uzito?
Samaki ukimtoa mita 30 chini, hewa ya kwenye kibofu chake cha kuelea inatanuka kama mara 4, ndo maana unamkuta macho yametoka na mfuko wa tumbo umechomoza mdomoni, ukimwachia hivyo anaelea tu juu mpaka ndege wamle.

Sindano haichukui nafasi, unaipenyeza chini ya gamba nyuma ya pezi la ubavuni hewa itoke, ila kayaki ikiyumba ni rahisi sana kutoboa pabaya, na lile tumbo la mdomoni usilitoboe kabisa jamani.

Mi nachagua uzito. Unambana taya na klipu, chubwi, yaani ule uzito, linamvuta chini, maji yenyewe yanaibana ile hewa, akifika chini unavuta mshipi kwa nguvu anachomoka. Chubwi liwe tayari kabla hujashusha ndoano.