Delphi, Mycenae, Knossos: uzoefu wangu wa kuzifuata hadithi za Wagiriki hadi kwao

Ukienda Ugiriki kwa ajili ya hadithi za miungu yao, lala Delphi, penye magofu ya hekalu la mungu Apollo. Usiende na kurudi siku hiyohiyo. Nimejaribu njia zote mbili, kwa hiyo nasema kwa ushahidi. Ziara ya siku moja niliyolipia Athens (kampuni siitaji) ilitupa muda mrefu wa chakula cha mchana na wa duka la zawadi kuliko wa magofu yenyewe. Tulifika jua likiwa utosini, mabasi yamejipanga barabarani, na mwongozaji wetu akawa anaitazama saa kuliko alivyoyatazama mawe.

Safari iliyofuata nilipanda basi la kawaida, haya wanayoyaita KTEL, kutoka stendi ya Liossion. Aliyenisukuma ni binamu yangu anayeishi Kypseli, mtaa wa Athens wenye Waafrika wengi. "Kaka, achana na mambo ya watalii," aliniambia. "Panda basi la wenyeji, ulale hukohuko, asubuhi unakuwa wa kwanza getini." Ni kama kilomita 180, mwendo wa saa tatu hivi. Basi linapita Livadia, kisha linaanza kuukwea mlima Parnassus mpaka Arachova, na zile kona zinataka tumbo tulivu. Ni upande huohuo Wagiriki wa kale walikoiweka njia panda ambapo Oedipus, mtu wa hadithi zao, aligombana na mzee mmoja kwa kutopishana njiani, akamuua, asijue kuwa ni babake mzazi. Kutoka dirishani huoni ila barabara na vilima, lakini ukiijua hadithi huwezi kusinzia.

Majira ya joto geti la Delphi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Saa hiyo miamba iliyo juu ya magofu bado ina kivuli, na bondeni unaona bahari ya mizeituni ikiteremka mpaka ghuba ya Korintho. Wanasema Zeus, mkuu wa miungu yao, aliwarusha tai wawili kutoka ncha mbili za dunia ili ajue katikati yake ni wapi, nao wakakutana hapa. Jiwe la marumaru lililochongwa kuwa kitovu cha dunia limo ndani ya makumbusho. Baadaye Apollo akaja, akamuua chatu Python aliyekuwa akipalinda mahali hapo, akaweka mtabiri wake wa kike, Pythia. Wafalme walikuja kwake kabla ya kwenda vitani. Croesus wa Lydia aliambiwa kwamba akivuka mto Halys ataangusha dola kubwa. Akavuka, akaiangusha ya kwake. Aliyewahi kukaa mbele ya mpiga ramli atalijua jibu la namna hiyo mara moja.

Hekalu lenyewe limebaki sakafu na nguzo chache zilizosimamishwa upya. Lililotangulia lilianguka mwaka 373 KK. Watu hupiga picha hapo na kupanda zao juu kwenye ukumbi wa maonyesho. Mimi nilibaki chini, kwenye ukuta unaoushikilia uwanja wa hekalu, na naomba kila msomaji wangu abaki hapo pia. Mawe yake yamekatwa kwa pembe zisizolingana na kushikamana bila saruji, na ukisogea karibu unaona yamejaa maandishi madogomadogo. Ni hati za kuachiwa huru watumwa, mamia kwa mamia. Utaratibu ulikuwa huu: mtumwa hakuweza kujinunua mwenyewe kisheria, kwa hiyo bwana wake "alimuuza" kwa Apollo, fedha alizozikusanya mtumwa zikalipwa, na kwa kuwa mungu hana haja ya mtumishi wa kumpikia, mtu akaondoka huru. Hati ikachongwa ukutani ili asije mtu kumdai tena. Nyingine zina sharti kwamba aliyeachiwa aendelee kumtumikia bwana mpaka bwana afe. Mimi ni mtu wa pwani, nimeshasimama Bagamoyo na Mkunazini ya Zanzibar, walikopitishwa na kuuzwa watumwa. Nilikaa pale nikifuata herufi nisizoweza kuzisoma mpaka makundi ya kwanza ya watalii yalipoanza kupanda.

Juu zaidi kuna msingi wa jengo ambalo wengi hulipita bila kugeuka. Lilikuwa baraza la watu wa Knidos, na kuta zake zilichorwa na mchoraji Polygnotos. Picha zimepotea zote, ila msafiri Pausanias aliziona katika karne ya 2 na kuzieleza moja moja. Miongoni mwa waliochorwa alikuwamo Memnon, mfalme wa Waethiopia aliyekwenda kuusaidia mji wa Troy vitani dhidi ya Wagiriki akauawa na shujaa wao Achilles, na pembeni yake kijana wa Kiethiopia. "Ethiopia" ya Wagiriki haikuwa nchi tunayoijua leo. Lilikuwa jina lao la nchi za watu weusi kusini mwa Misri na kuendelea. Hata hivyo, kuna Mwafrika aliyechorwa Delphi, na hakuna mwongozaji aliyenitajia.

Makumbusho usiyaache. Yule mwendesha gari la farasi wa shaba, aliyechimbuliwa 1896, ana urefu wa kama mita 1.8, na bado ana macho yake ya kupachikwa na kope za shaba. Alifukiwa na maporomoko, ndiyo maana hakuyeyushwa kama wenzake wengi. Nyota tano, bila ubishi.

Mycenae naipa nne. Basi linakuacha Fichti, kisha unatembea au unatafuta teksi, na njia haina kivuli. Lango la Simba, la karne ya 13 KK, ni dogo kuliko picha zake, lakini kuta zake ndizo zinazokufanya uwaelewe Wagiriki waliosema hakuna binadamu aliyeweza kuyanyanyua mawe haya, ni kazi ya Cyclopes, yale majitu ya jicho moja. Kila mtu huja kwa ajili ya mfalme Agamemnon, aliyerudi kutoka Troy akauawa na mkewe. Barakoa ya dhahabu ambayo mchimbaji wa magofu Schliemann aliichimbua hapa 1876 na kuihusisha na Agamemnon iko Athens, na ni ya zamani mno kuwa ya mfalme wa vita vile. Mimi nilikwenda zaidi kwa ajili ya Perseus, mwanzilishi wa mji kwa hadithi zao. Mkewe alikuwa Andromeda, binti wa mfalme wa Ethiopia, aliyefungwa mwambani aliwe na dude la kutisha la baharini mpaka Perseus akamwokoa. Maana yake, malkia wa kwanza wa Mycenae, ukiwafuata wao wenyewe, alikuwa binti wa kwetu. Hili nalo halimo katika maelezo ya watalii. Tiketi usiitupe: ndiyo inayokuingiza pia Hazina ya Atreus, kaburi la kuba lililo kando ya barabara, na sauti yako mle ndani inakurudia kutoka pande zote.

Knossos, kisiwani Krete, nyota mbili. Najua nitapingwa. Arthur Evans alianza kuchimba 1900, halafu akajenga upya kwa zege vyumba na nguzo nyekundu kama alivyoziwaza yeye, na leo huwezi kutenganisha kasri la Minos, mfalme wa hadithi, na mawazo ya Mwingereza huyo. Foleni ya chumba cha kiti cha enzi ilikuwa ndefu kuliko chumba kilivyostahili. Kinyume chake, makumbusho ya Heraklion, mjini, yana michoro halisi, pamoja na ule wa vijana wanaoruka juu ya fahali, na hapo ndipo Minotaur, lile jitu la Minos lenye kichwa cha fahali, anapoanza kuaminika.

Theseus, shujaa wa Athens, alipomuua Minotaur alisahau kubadilisha tanga jeusi la merikebu yake, ishara kwamba amekufa, na baba yake Aegeus alipoliona kutoka mbali akajitupa baharini. Wengine huliweka tukio hilo Sounion, kwenye hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, lililo ukingoni mwa jabali, kama kilomita 70 kutoka Athens. Basi la KTEL linafika.

Ya kujipanga: sisi wa Afrika Mashariki tunahitaji viza ya Schengen, kwa hiyo anza mapema. Nenda Aprili au Mei. Julai na Agosti joto likizidi hata Acropolis, ile ngome ya kale ya Athens, hufungwa saa za mchana. Kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi maeneo ya serikali ni bure, na hilo si dogo ukizingatia kwamba tangu Aprili 2025 Acropolis peke yake ni euro 30. Vaa viatu vyenye meno, maana marumaru iliyokanyagwa karne na karne inateleza. Na Sounion nenda alasiri, ila kabla hujashuka muulize dereva basi la mwisho linarudi saa ngapi, kwa sababu watu wote mnaoangalia jua likizama mtalitaka basi hilohilo.