Eskaveta yenye skrini kwenye mtaro wa Ahero: nilipata nini kwa 12,000 za ziada

Eskaveta ya kawaida ya tani ishirini na kitu huwa naikodi hapa Kisumu kwa shilingi 30,000 kwa siku, dizeli juu yangu. Hii ninayoielezea ilikuwa 42,000, na lobedi, yaani trela ya chini ya kubebea mashine, ya kuitoa Nakuru kupitia Kericho nikailipia mimi, kuja na kurudi. Hiyo tofauti ya 12,000 ndiyo bei ya skrini, antena mbili zilizosimama nyuma ya mashine, na kompyuta inayouongoza mkono wenyewe. Aliyenikodisha aliisifia hivi: "Madam, kwa hii hata huhitaji opareta. Mtoto wa shule anachimba." Alisema hayo mbele ya maopareta wangu, kwa hivyo saiti nzima ilikuwa na mada moja tu tangu mashine iliposhuka kwenye lobedi: je, mashine itawanyang'anya watu kazi?

Kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa kutoa maji mashambani, nyanda za Kano, upande wa Ahero. Aliyewahi kufanya kazi Kano anajua shida ya pale. Mchoro ulidai mteremko wa 1 kwa 1,000, yaani sentimita 10 katika mita 100, na kwa jicho ardhi ile ni tambarare tupu. Ukichimba sentimita tano kupita kiasi mahali pamoja, maji yanasimama hapo hadi msimu ujao na mkaguzi hatii sahihi. Kwa njia tuliyoizoea, saveya anapiga pegi, mmoja anashuka mtaroni na stafu (fimbo ndefu ya vipimo), mwingine anachungulia kwenye levo (darubini ya kupimia usawa), na opareta amekaa anangoja aambiwe apunguze au aongeze. Injini haizimwi. Mashine ya ukubwa ule inakunywa kama lita 15 kwa saa ikiwa kazini, na hata ikingoja haiachi kunywa.

Sasa niseme lililo zuri, na ni zuri kweli. Kuna sensa kwenye mkono mkubwa, mkono mdogo na baketi. Antena zinapokea setelaiti, na kituo kidogo kinachosimikwa saiti juu ya alama iliyopimwa kinatuma masahihisho kwa redio, hivi kwamba kompyuta inajua ncha ya baketi iko wapi kwa kukosea sentimita mbili au tatu hivi. Mtaro uliochorwa ofisini unaonekana kwenye skrini. Opareta akivuta mkono mdogo, kompyuta inauinua mkubwa yenyewe ili meno yasipite chini ya mstari. Hata akivuta kwa nguvu, mashine inakataa kuzidisha.

Kijana aliyekuja nayo alimaliza mafunzo KIHBT, chuo cha barabara na ujenzi, hapa Kisumu si muda mrefu. Alikata sakafu ya mtaro ambayo nilipoipima kwa levo langu la zamani haikukosa zaidi ya sentimita mbili popote. Mita tulizomaliza kwa siku zilikaribia mara mbili ya tulizozoea, na hapo zile 12,000 zilianza kujilipa kwa dizeli peke yake. Kumalizia sakafu ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu anayejua tu kuwasha, nami nina mzee mmoja wa Rabuor ambaye kwa ajili ya kazi hiyo tu huwa namlipa 2,500 wakati wengine wanapata 1,800. Huyo ndiye tunayemwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Alishuka mtaroni, akatembea mpaka mwisho, akapanda. "Nyar Seme," yaani binti wa Seme, akaniambia, "kijana hajakosea. Sijui tu kama ni yeye aliyekata."

Lakini waliokosa kazi kwa sababu ya skrini hawakuwa maopareta. Ni yule wa stafu na yule wa levo. Niliwahamishia kwenye kubeba mabomba, na hakuna aliyewataja kwenye mjadala wote ule wa mashine na ajira. Saveya naye alikuja mara moja kuweka alama, akaondoka.

Tulipofika karibu na mto Nyando, kwenye miti mikubwa, antena zikapoteza setelaiti. Skrini ikaganda na kijana akaganda nayo. Jaduong' akapanda, akazima uongozi wa kompyuta, akaendelea kwa macho na masikio, akiita pegi kama zamani. Betri ya kile kituo cha redio nayo ilikufa mchana, na aliyenikodisha hakuwa ameleta ya akiba. Nilitafuta ya gari Ahero sokoni. Ukilipa 42,000 hufai kukimbizana na betri.

Halafu kuna udongo. Kano ni udongo mweusi mzito, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama na kuvimba mvua ikinyesha. Kompyuta inajua baketi iko wapi. Haijui chini ya cheni kuna nini. Jaduong' alitazama jinsi upande wa kushoto unavyoachia maji, akamwambia kijana arudi nyuma, tutandike magogo kwanza. Kwenye skrini hakukuwa na onyo lolote. Tani ishirini zikizama kule, kuzitoa ni mashine nyingine na siku nyingine ya bili.

Lililonifanya niandike haya hasa lilitokea baada ya hapo. Mstari wa mtaro kwenye skrini ulipita katikati ya uwanda wenye nyasi, rangi ya kijani, hakuna kizuizi. Jaduong', aliyekuwa amesimama nje akivuta sigara yake, akapunga mkono: simamisha. Alikuwa ameona miti mitatu ya mnyaa, ule tunaouita ojuok, imesimama kwa mstari uliopinda mahali pasipo na nyumba. Kwetu ua wa boma ulikuwa wa mti huo. Boma likihamwa nyumba huanguka, ua ukabaki, na palipokuwa na boma pana makaburi, mengine bila saruji wala jiwe. Tulimwita mzee wa kijiji, naye akaja na mama mmoja mkongwe aliyetuonyesha alipolala baba mkwe wake: hatua chache tu kutoka mstari wa kijani. Mhandisi akausogeza mtaro. Fikiria baketi ya karibu mita moja ya ujazo ingeingia pale kwanza. Mimi nisingekuwa na mkataba Kano tena, na hilo lingekuwa dogo kati ya yote.

Watu hunitajia nchi za nje. Ni kweli, malori makubwa ya Rio Tinto yanabeba mawe ya chuma Pilbara, Australia Magharibi, bila dereva, na wanaoyasimamia wako Perth, kilomita kama 1,500 kutoka hapo. Komatsu walianza malori ya namna hiyo kibiashara mwaka 2008 kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, Chile. Lakini tazama ni wapi: njia zimefungwa, ni za kampuni, lori linarudia mzunguko uleule, na hakuna boda anayekatiza wala mama anayeanika mpunga kando. Na Japani wanakimbilia teknolojia hii kwa sababu maopareta wao wamezeeka na vijana hawaji. Sisi vijana wamejaa getini kila asubuhi. Kumwondoa mtu wa 2,500 ili nilipe 12,000 si hesabu ambayo mkandarasi mdogo wa NCA 7 (daraja la saba la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) kama mimi ataifanya.

Ninachokiona kikipungua ni ule ubora uliokuwa ukilipwa. Kijana wa mwaka mmoja kazini akikata sakafu kama mzee wa miaka thelathini kazini, fomeni ataniuliza kwa nini namlipa mzee 700 zaidi. Jibu langu kwa sasa ni ile miti mitatu. Sina hakika kila mwenye saiti atalikubali, maana sakafu nzuri inaonekana kwenye picha, na kaburi ambalo halikuguswa halionekani popote.

Kwa hivyo, kukodi au kutokukodi? Mtaro mrefu, mahali wazi, mteremko mdogo: kodi, utapata faida. Msingi wa nyumba mitaa ya Kisumu kama Nyalenda au Manyatta, penye mabomba ya maji ambayo hayako kwenye ramani yoyote, usipoteze pesa, chukua ya kawaida na opareta anayeujua mtaa. Kabla ya kulipa, uliza kama kituo cha redio kinakuja na betri mbili, nani anaingiza mchoro kwenye kompyuta na kama anatoza kando (mimi nilitozwa 5,000 ambazo hazikuwa kwenye makubaliano), na kama unaweza kumkalisha opareta wako mwenyewe. Mimi nililazimika kubishana ndipo jaduong' akaruhusiwa kupanda. Siku ya mwisho alikuwa akitumia ile skrini vizuri kuliko kijana, ila aliifunika kwa kofia kila alipokuwa akigeuza mashine, akisema inamzuia kuona watu.